Fundi Anajibu: Wati Tano Hewani, Wati Nane Kwenye Bati

Maswali manne ya safari hii yametoka kwa watu wasiofahamiana, lakini yote yanauliza kitu kimoja: betri inaenda wapi? Redio inaporusha mawimbi, mlaji mkubwa ni hatua ya mwisho kabla ya antena, yaani amplifaya ya nguvu. Hapo ndipo betri huokolewa au huteketezwa. Nimekarabati redio za watu wanaozibeba mabegani mahali ambapo chaji iko mwendo wa nusu siku, na kwao saa moja zaidi ya kuongea si jambo dogo. Kwa hiyo swali la kwanza nalijibu kwa urefu.

Shikamoo Fundi. Nasoma uhandisi wa elektroniki Mbeya. Mradi wangu ni kirushio kidogo cha Mose (mawasiliano ya nukta na vistari) kwenye megahezi 7, cha redio ya ridhaa (ya wapenzi wa redio, si ya biashara), kinachotumia betri ya volti 12. Nimetumia transista IRF510 na kuipa volti ya kuiamsha getini (mguu wake wa kuitawala) kama kwenye mchoro wa amplifaya ya sauti nilioupata. Napata wati 5 kwenye mzigo wa omu 50 (resista inayoshika nafasi ya antena), lakini betri inatoa ampea 1.1 na bati la kupoozea haligusiki kwa moto. Nitafute transista kubwa zaidi?

Marahaba mwanangu. Transista kubwa usiinunue. Itabeba moto huohuo bila kuungua, na betri yako itaisha saa ileile.

Tuanze na hesabu uliyonipa mwenyewe. Volti 12 mara ampea 1.1 ni wati 13.2 zinazotoka kwenye betri. Wati 5 zinafika kwenye mzigo. Wati 8.2 zilizobaki ndizo hizo zinazokuunguza kidole. Ufanisi wako ni asilimia 38, na kwa namna ulivyoiendesha transista hiyo siwezi kukulaumu. Ndivyo mchoro wa sauti unavyotaka.

Joto ndani ya transista huzaliwa pale volti na mkondo vinapokuwepo kwa wakati mmoja. Volti ikiwa juu na mkondo sifuri, hakuna joto. Mkondo ukiwa mkubwa na volti karibu na sifuri, joto ni dogo. Ubaya uko katikati, na amplifaya ya daraja A, ambayo transista yake haizimi kamwe, huishi katikati siku zote: hata kwenye makaratasi haivuki asilimia 50, na hapo ni pale tu inapotoa nguvu yake yote. Ni sawa na kuendesha pikipiki huku umekanyaga breki na kuvuta mafuta. Daraja B, ambayo transista hupumzika nusu ya kila wimbi, hufika asilimia 78.5 kwenye makaratasi, na kwenye meza ya fundi utashukuru ukipata 60. Wewe uko mahali fulani kati ya hayo mawili.

Sasa jiulize kwa nini watu wa sauti wanakubali hasara hiyo. Ni kwa sababu sauti inapanda na kushuka, na amplifaya lazima iufuate kila mpando bila kuupotosha. Mose haina mipando. Ufunguo umebanwa au umeachwa. Mawimbi yako yana kimo kimoja tu, kwa hiyo uaminifu unaoulipia kwa betri hauna mteja.

Geuza transista iwe swichi. Iwake kabisa au izime kabisa. Nathan Sokal na Alan Sokal walichapisha mwaka 1975 mpango wa kufanya hivyo ambao tunauita daraja E, na mimi nauona ni mmoja wa michoro mizuri kuliko yote katika kazi yetu. Tatizo walilolitatua ni hili. Miguuni mwa transista daima pana kapasita, yake yenyewe na ile unayoiongeza. Swichi ikiwaka wakati kapasita hiyo ina chaji, chaji yote huungulia ndani ya transista, na kwenye megahezi 7 hilo hutokea mara milioni saba kwa sekunde. Pikofaradi 260 zikishikwa na volti 40, hasara ni karibu wati moja na nusu, bure kabisa. Mzunguko wao wa koili na kapasita umepimwa ili volti ya dreni (mguu wa transista unaotoa nguvu) ishuke yenyewe hadi sifuri, tena kwa mteremko uliolala, sekunde ileile transista inapotaka kuwaka. Swichi inawaka pasipo na chochote cha kuunguza.

Namba za kuanzia kwa kazi yako ni hizi. Nguvu ya daraja E ni takriban 0.577 mara volti kwa kipeo cha pili, gawanya kwa omu za mzigo. Kwa volti 12 na wati 5, dreni inataka kuona karibu omu 16, si 50. Kapasita kati ya dreni na ardhi ni 0.1836 gawanya kwa zao la omega (masafa mara 6.28) na omu hizo: kwenye megahezi 7.03 unapata pikofaradi 260 hivi, na humo ndani kapasita ya transista zenyewe imeshahesabiwa, kwa hiyo ya kulehemu itakuwa ndogo zaidi. Koili ya mfululizo chukua yenye omu 80 kwenye masafa hayo, yaani mikrohenri 1.8; kwenye duara jekundu la unga wa chuma, T50-2, ni mizunguko 19 ya waya. Kapasita inayofuatana nayo ni karibu pikofaradi 370. Kisha pandisha omu 16 hadi 50 kwa koili ya nusu mikrohenri na kapasita ya pikofaradi 680 kwenda ardhini. Koili hizo mbili zinafuatana, kwa hiyo unaweza kuziunganisha ziwe moja ya mizunguko 22. Nasema za kuanzia kwa sababu hesabu hiyo inadhani chujio hilo la koili na kapasita ni kali kuliko lilivyo. Utatanua na kubana mizunguko kwa kidole mpaka mambo yakae sawa.

Kuhusu transista: IRF510 inataka karibu volti 10 getini ili iwake sawasawa, na kuisukuma kwa volti hizo kwenye megahezi 7 ni kazi nyingine inayokula betri. Transista ndogo za BS170, tatu sambamba, huendeshwa na IC ya mantiki ya volti 5 moja kwa moja. Mbunifu wa redio Hans Summers alitumia tatu hizo kwa daraja E kwenye redio yake ya kujiundia ya QCX ya mwaka 2017, inayotoa wati kama hizo unazotaka, na ni ndogo kama punje. Angalia kitu kimoja tu: kwenye daraja E, volti ya dreni hupanda hadi mara 3.56 ya betri. Kwa volti 12 ni 43, na BS170 huvumilia 60. Ukirusha huku betri iko kwenye chaja ya volti 14.4 unafika 51, na antena ikiwa mbovu unaweza kuzipita 60. Weka fyuzi, na usirushe bila antena hata kwa sekunde moja.

Kupima hakuhitaji maabara. Resista 20 za kilo-omu moja, za kaboni na si za waya, ukizilehemu sambamba zinakupa omu 50. Dayodi moja na kapasita moja hukupa kilele cha volti: wati 5 ni kilele cha volti 22.4, na usisahau kuongeza zile sehemu sita za kumi za volti zilizobaki kwenye dayodi. Mita ya pili iwe kwenye waya wa betri. Chuoni kwenu kama kuna osiloskopu, tazama dreni: volti ikiwa haijafika sifuri pale geti linapopanda, punguza kapasita ya dreni kidogo, ikizama chini ya sifuri mapema, iongeze. Ukiona mita ya betri imeshuka hadi karibu nusu ampea na wati 5 ziko palepale, umefika. Hasara itakuwa kama wati moja na bati hutalihitaji.

Mambo mawili hayana mjadala. Swichi hutoa mawimbi machafu, yenye nguvu kwenye megahezi 14, 21 na kuendelea, kwa hiyo chujio la kupitisha masafa ya chini liwe la hatua tatu na liwepo kabla ya antena kuunganishwa. Na leseni ya redio ya ridhaa hutolewa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania. Iwe mkononi kabla ya kubana ufunguo hewani. Hadi hapo, fanyia kazi kwenye mzigo wa resista.

Ukija siku moja kutaka sauti ya kawaida kwenye redio hiyohiyo, daraja E kwa namna hii halitakufaa, utarudi kwenye AB, iliyo kati ya A na B, na hasara zake. Lakini sikuoni ukilia, maana kwa wati 5 Mose hufika mbali ambako sauti ya wati 5 haisikiki.

Fundi, sisi ni wavuvi wa Mafia. Tuna redio za mkononi za VHF, za wati 5, betri ya volti 7.4. Hazifiki asubuhi, na boti zikiachana sana hatusikiani. Kuna mtu anasema anaweza kuzifungua na kuongeza nguvu hadi wati 10. Tumpe?

Msimpe, ndugu zangu. Atawauzia joto.

Wati 5 kwenda 10 ni desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha kulinganisha nguvu). Sikio la mwenzako halitaona tofauti kubwa. Baharini kinachowakatisha ni mviringo wa dunia. Mawimbi ya VHF huenda karibu mstari ulionyooka. Chukua urefu wa antena kutoka kwenye maji kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili (namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe inatoa urefu huo), zidisha kwa 4.12, na umepata kilomita za upeo wake; jumlisha za boti zote mbili. Mtu aliyesimama na redio mkononi, mita moja na nusu juu ya maji, ana kilomita 5. Wawili, 10. Mkiweka antena kwenye mlingoti mita 4 juu, kila boti ina kilomita 8 na kidogo, jumla 16 na ushee, kwa redio hizohizo na betri hizohizo. Fedha za huyo bwana nunueni antena ya nje na waya mzuri wa koaksia, mfupi kadiri inavyowezekana. Ile antena fupi ya mpira inayokuja na redio ni ya urahisi wa kubebea. Sehemu nzuri ya wati zako hazitoki humo.

Transista ya redio hiyo pia imepangiwa wati 5 kwa volti 7.4. Ukiilazimisha 10, mkondo unapanda, mzigo wake haulingani tena, na kinachoongezeka zaidi ni moto ndani ya kasha lisilopitisha hewa.

Sasa betri. Redio ya wati 5 ikirusha huvuta kama ampea 1.4. Betri ya miliampea-saa 1,500 inakupa basi saa moja na dakika chache za kuongea bila kupumzika. Saa za matumizi zilizoandikwa kwenye boksi kwa kawaida hupigwa kwa desturi ya 5-5-90: asilimia 5 ya muda unarusha, asilimia 5 unasikiliza, 90 redio imekaa kimya. Wavuvi wanaongea zaidi ya hapo, najua, na usiku mnaongea zaidi ya mchana.

Tumieni nguvu ndogo, wati 1, mkiwa karibu. Hapa kuna jambo linalowashangaza watu: ukipunguza wati mara tano, mkondo haupungui mara tano. Amplifaya iliyopangwa kwa wati 5 hupunguza mkondo kwa kipeuo cha pili, kwa hiyo ni mara 2.2 hivi. Bado ni maisha mara mbili ya betri wakati wa kurusha. Lakini chaneli 16 ya dharura, megahezi 156.8, mkiwa hatarini iteni kwa nguvu yote, na redio moja katika kila boti iwekwe na chaji kamili isiyoguswa kwa maongezi.

Mimi ni muuguzi Sumbawanga. Kitochi changu kinakaa siku nyingi, simu janja haimalizi siku, na nikienda vijijini kwenye kliniki ya mkoba inapata moto mfukoni hata kama siitumii. Ni betri mbovu?

Pengine betri ni nzima, dada yangu. Kioo kikubwa na programu zinazofanya kazi nyuma ndizo mlaji wa kwanza, hilo unalijua. Moto wa mfukoni ni habari ya amplifaya.

Simu hupandisha nguvu kwa amri ya mnara. Kitochi cha GSM (mtandao wa 2G) kwenye megahezi 900 kinaweza kurusha wati 2 kikiwa mbali, na kikiwa karibu kikashuka hatua kwa hatua hadi miliwati 3. Wati hizo 2 huzitoa kwa vipande: sehemu moja ya nane ya muda, mikrosekunde 577 kila baada ya milisekunde 4.6. Wastani ni robo wati. Na waliobuni GSM walifanya uamuzi wa busara: mawimbi yake yana kimo kimoja, habari imo kwenye kugeuka kwake tu. Amplifaya inasukumwa hadi mwisho wake, mahali ambapo ufanisi ni mzuri, kama nilivyomweleza kijana wa Mbeya.

Simu ya 4G hairuhusiwi nguvu kubwa hivyo, kikomo chake cha kawaida ni miliwati 200. Ila ili kupitisha habari nyingi, mawimbi yake hupanda na kushuka, na amplifaya lazima iache nafasi ya vilele vinavyokuja mara chache. Muda mwingi inafanya kazi chini ya uwezo wake. Amplifaya ya daraja B ikitoa robo ya nguvu yake, ile asilimia 78.5 hushuka hadi 39. Wahandisi wameijua shida hii tangu zamani. William Doherty wa maabara ya Bell Labs, Marekani, alipendekeza mwaka 1936, kwa stesheni za redio, amplifaya mbili zinazosaidiana: moja ya kila siku, nyingine ya vilele. Leonard Kahn mwaka 1952 akaonyesha njia ya kuigawa kazi, kimo cha mawimbi kiende kwa umeme wa kulisha amplifaya. Wazo linalofanana na hilo, la kushusha volti ya amplifaya mawimbi yanaposhuka, liliingia kwenye simu za mkononi kuanzia 2013. Hata njia ya 4G ya kwenda mnarani ni tofauti na ya kutoka mnarani, makusudi, ili vilele vya upande wa simu viwe vifupi na betri yako ipone.

Kuna na umaskini wa volti. Betri ya simu ni volti 3.7 na inaposhuka ni pungufu ya hapo. Kutoa wati 2 kwa volti 3.5, transista lazima ione omu 3 tu, na antena ni omu 50. Koili na kapasita za kuvusha pengo hilo ni ndogo sana na zina hasara yake. Asilimia 10 ya nguvu kupotelea njiani si ajabu. Tena ile nusu volti ambayo transista haiwezi kuishusha ni kitu kidogo kwenye volti 12, lakini kwenye 3.5 ni sehemu moja ya saba.

Kijijini, simu inahangaika kuutafuta na kuufikia mnara ulio mbali, kwa nguvu yote, ikiwa imezibwa na mwili wako. Iweke juu ya meza karibu na dirisha, au ichagulie 2G peke yake kama ni ya kupokea simu tu. Mtandao ukiwa haupo kabisa, iweke kwenye hali ya ndegeni mpaka utakapoihitaji.

Habari Fundi. Mimi ni mfugaji Kajiado, ninatengeneza kifaa cha shingoni cha kufuatilia ng'ombe kwa LoRa (redio ya kutuma ujumbe mfupi mbali kwa umeme kidogo), chipu ya SX1276. Nimeweka desibeli 20 ili kiwe na uhakika. Betri inaisha haraka. Nibadilishe nini?

Nzuri, ndugu. Punguza nguvu kwanza. Chipu hiyo kwa desibeli-miliwati 20 (yaani miliwati 100) huvuta miliampea 120. Kwa 13, kupitia mguu wake wa kawaida badala ya ule wa nguvu kubwa, huvuta 29. Desibeli 7 ulizozikosa zirudishe kwa kuinua antena ya kituo cha kupokelea, ambacho hakitembei na pengine kina sola.

Kisha tazama muda wa hewani, maana ndio unaokuumiza zaidi. Ujumbe wa baiti 20 kwa mtawanyo wa 12 (mtawanyo mkubwa hutandaza ujumbe zaidi ili ufike mbali) huchukua sekunde 1.3, kwa mtawanyo wa 7 ni chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mnyama aliye karibu na boma hana sababu ya kutumia 12. Na antena ya shingoni ipime ikiwa imefungwa kwenye ng'ombe, si mezani: nyama na maji vikiwa sentimita moja kutoka kwake huihamisha masafa, na uwiano wa mawimbi yaliyosimama (SWR) ukifika 3 kwa 1, robo ya nguvu hurudi bila kuruka. Iweke juu ya shingo na kitambaa kinene au mpira katikati, uzito uning'inie chini ili isizunguke, halafu upime tena.